Tarehe Mbili za Shajara Moja

Fungua Kenya Diary ya Richard Meinertzhagen ukurasa wowote, jicho litatua kwanza kwenye tarehe. Siku, mwezi, mwaka, mahali, kisha habari. Kambi imepigwa kando ya mto gani, nani kashikwa na homa, wanyama gani wameonekana na wangapi wamepigwa risasi. Katikati ya hayo, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, kijiji kinachomwa na waliouawa wanahesabiwa. Msomaji anapita tu, kwa sababu tarehe inayofuata inamngoja na mwandishi kashaingia kwenye habari za ndege.

Kitabu kinahusu miaka ya 1902 hadi 1906, na kwa watu wanaokaa mashariki ya Mlima Kenya si habari za mbali. Mapema mwaka 1904 Meinertzhagen, wakati huo afisa kijana wa Keya, yaani King's African Rifles, alikuwa kwenye msafara uliotumwa kuwaadhibu watu wa Iriaini na wa Embu. Jina lake ni la Kijerumani, maana ukoo wake ulitoka Bremen ukahamia London na kutajirika huko kwa biashara ya benki. Jeshi lake lakini lilikuwa la Mwingereza. Vita Vikuu vya kwanza vilipofika Afrika Mashariki, ndiye aliyesimamia ujasusi wa Waingereza dhidi ya Mjerumani halisi, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kaisari huku kwetu. Mwaka 1916 kila mmoja alivishwa nishani: Meinertzhagen DSO, na Lettow-Vorbeck Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia. Baada ya vita maadui hawa wakawa marafiki. Na wote wawili wakaandika.

Darasani tulifundishwa kwamba kazi yoyote ya fasihi ina fani na maudhui. Maudhui ya vitabu vya maafisa hawa yamejadiliwa mpaka yakachakaa: ushujaa, ukatili, mbinu za vita. Fani imeachwa, kana kwamba kitabu cha mwanajeshi hakina fani bali kina habari tu. Mimi naona fani ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi, na waliolipia kazi hiyo ni wale ambao fani haikuwapa nafasi ya kusema.

Tuanze na Mjerumani, maana kwake mambo yako wazi zaidi. Meine Erinnerungen aus Ostafrika kilitoka mwaka 1920, mwaka mmoja baada ya Lettow-Vorbeck kurejea Ujerumani na kupokewa Berlin kwa gwaride. Nchi yake ilikuwa imeshindwa vita, ikataka sana mtu mmoja ambaye hakushindwa. Tazama basi kitabu kilivyogawanywa. Kina sehemu tatu: kabla ya kufika majeshi ya Afrika Kusini, mashambulizi ya adui mwenye nguvu zaidi kutoka pande zote, na vita katika ardhi ya kigeni. Ukiishika ramani, hiyo ni hadithi ya mtu anayerudi nyuma. Anatoka Kilimanjaro hadi reli ya kati, kutoka reli ya kati hadi kusini, anavuka Ruvuma Novemba 1917, anazunguka Msumbiji, na anakuja kuweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Lakini mpangilio wa sehemu umeigeuza njia hiyo kuwa safari ya kusonga mbele. Hata pale anapokiri kwamba koloni limepotea, ukurasa haukai na msiba; jeshi linavuka mto na kitabu kinaendelea. Ni ufundi wa kusuka msuko ambao mtunzi yeyote wa riwaya angeuonea wivu.

Angalia pia nani anatenda. Wanaotenda katika kitabu hicho ni ‘mimi’ wa mwandishi, ni maafisa kwa majina yao, na ni kampuni kwa namba zake: kampuni fulani ilishambulia, kampuni fulani ilishikilia kilima. Askari wanasifiwa kwa jumla, tena sana. Wapagazi wanatokea kama uzito: mizigo kadhaa, watu kadhaa, chakula cha siku kadhaa. Kinapokosekana chakula kinatafutwa vijijini, na kijiji kilichonyang'anywa hakina hata nusu sentensi ya kujibu. Wasomaji wa Kiswahili wana kipimo cha kulinganisha hapa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani kuitamalaki pwani ya Mrima, na katika utenzi wa namna hiyo hata mtu wa upande ulioshindwa ana jina, ana maneno ya kujibizana na adui, ana heshima yake ya kufa kwa kutajwa. Fani ya utenzi inadai hivyo. Fani ya kumbukumbu za kamanda haidai.

Lettow-Vorbeck hakufika Embu wala Meru. Vita vyake vilifika. Upande wa Waingereza mzigo ulibebwa na wanaume waliotolewa mashambani kwao, wa Embu na wa Meru wakiwemo, hasa mwaka 1917 ambapo John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, alisimamia zoezi kubwa la kukusanya wapagazi. Walitoka kwenye baridi ya mlima wakaingia kwenye joto na homa za nchi ya chini, wakalishwa unga ambao tumbo halikuuzoea na mara nyingi haukuiva. Kuhara damu kuliua wengi kuliko risasi. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona ndogo. Maisha ya kijeshi ya hao nayo yaliandikwa: namba kwenye daftari, namba ileile kwenye kibati cha shingoni. Hiyo nayo ni fani, iliyo fupi kuliko zote.

Sasa turudi kwa Meinertzhagen, maana huko ndiko kwenye utamu na kwenye hatari. Lettow-Vorbeck anakiri kwamba karatasi zake nyingi zilipotea vitani, na kwamba anaandika akikumbuka. Msomaji anakaa macho. Akiona sifa zimezidi anajisemea, aah, mzee anajipamba. Meinertzhagen yeye hakumbuki. Anatoa shajara, na shajara ni fani yenye ahadi ndani yake: niliyoyaandika tarehe hii niliyaandika tarehe hii, bila kujua kesho italeta nini. Kwa ahadi hiyo tunamsamehe mengi. Ukavu wa lugha tunauona ni ukweli. Ukatili anaoueleza bila haya tunauchukua kuwa ungamo, kwani ni nani angejisingizia mambo mabaya hivyo? Hata mambo madogo yasiyo na maana, mvua, nyumbu, ugonjwa wa punda, yanatuhakikishia kwamba makubwa nayo ni kweli.

Ahadi hiyo ina ufa. Shajara zake, zaidi ya majalada sabini, zimehifadhiwa Oxford, na si madaftari ya kambini yenye madoa ya matope. Ni kurasa zilizopigwa taipu, tena za kuchomeka na kuchomoa. Ukurasa wa 1904 unaweza kutolewa na mwingine ukawekwa mahali pake, na uzi usionekane kukatika. Miaka ya 1990 wataalamu wa ndege waliochunguza ngozi za ndege alizowahi kuwasilisha, Alan Knox na Pamela Rasmussen wakiwa mstari wa mbele, walionyesha kwamba nyingi zilikuwa za wizi kutoka makavazi mengine na kubandikwa vitambulisho vipya vyenye tarehe na mahali pa uongo. Mwaka 2007 Brian Garfield akachapisha kitabu kizima cha kupangua masimulizi yake ya vita. Kuna waliosema Garfield amezidisha, na mimi naona mahali fulani amezidisha kweli. Lakini lile la ndege halina mjadala, na kwa mhakiki wa fani ndilo lenye uzito. Mtu aliyeweza kubandika tarehe ya uongo kwenye mguu wa ndege alikuwa anaijua vizuri nguvu ya tarehe.

Kitabu kilichapishwa 1957. Mwaka huo, mwezi wa Februari, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa. Hali ya Hatari ilikuwa bado inaendelea, na watu wengi wa Embu na Meru walikuwa wamefungiwa katika vijiji vya dharura au wako kizuizini. Ndipo Uingereza inaletewa shajara ya nusu karne nyuma, na ndani yake, chini ya tarehe ya mwanzoni mwa karne, kijana wa Keya anawaaga Wakikuyu akitabiri. Anasema kwa ufupi kwamba ni watu werevu, kwamba kwa werevu huo watakuwa wepesi kuingiwa na uchochezi, na kwamba watakuwa wa mwanzo kudai kujitawala na kuleta taabu. Mahali pengine anabishana na wakubwa wake kuhusu kuwapa walowezi ardhi, na ubishi wake unasikika kama wa mtu aliyekwisha kusoma magazeti ya 1953.

Dondoo hilo la utabiri limenukuliwa sana, na karibu kila anayelinukuu anaandika 1904 kana kwamba wino ulikauka siku hiyo. Huenda ulikauka. Sisemi kwamba Meinertzhagen alilibuni. Nasema kwamba fani yenyewe haituruhusu kujua, na kwamba msamiati wa uchochezi umekaa kama sare mpya juu ya mwili wa zamani. Katika tamthilia, mhusika akitabiri jambo ambalo hadhira imekwisha kuliona, tunaiita kejeli ya kidrama na tunampongeza mtunzi. Mbona hapa tunampongeza mhusika? Elspeth Huxley, aliyeandika dibaji ya toleo la 1983, alikulia Kenya na kuiandika kwa miaka mingi, na hata kwa msomaji wa aina yake kitabu kiliendelea kupita kama shahidi wa macho.

Ladha ya namba ni jambo jingine. Vitabu hivi na ripoti zilizokwenda navyo vinapenda hesabu kamili. Msafara wa Embu wa katikati ya 1906, ambao ndio ulioifunga kazi ya kuiteka nchi hiyo, umeandikwa katika ripoti rasmi kuwa uliua watu 407. Ikae hapo kidogo namba hiyo. Mia nne ni kadirio. Mia nne na saba ni mtu aliyetembea uwanjani akihesabu, au ni mtu anayetaka tuamini kwamba alitembea. Wale saba wa mwisho ndio wanaobeba mzigo wa ukweli wa sentensi nzima. Hawana majina, lakini bila wao ripoti ingeonekana ya kubahatisha. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa fani inavyomtumia mtu hata akiwa maiti.

Kisha kuna maandishi mafupi zaidi, ambayo watu hawayasomi kama maandishi. Ni nishani yenyewe. Serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1902 nishani moja ya vita vyote vidogo vya Afrika. Upande mmoja uso wa mfalme. Upande wa pili Britania amesimama, ananyoosha tawi la amani kuelekea jua linalochomoza, simba miguuni pake. Utepe ni wa manjano, kingo nyeusi, mistari miwili ya kijani. Ukingoni kumechongwa jina na kikosi cha aliyevaa. Vita vyenyewe havina picha. Vinaongezwa juu ya utepe kwa kipande chembamba cha fedha chenye maneno machache, na kipande cha Embu kimeandikwa East Africa 1906. Jina la Embu halipo. Aliyeshambulia ana jina ukingoni, mfalme ana uso, simba ana manyoya, na nchi iliyochomwa ni sehemu ya mwelekeo wa dira na mwaka.

Nishani hiyohiyo, umbo lilelile, ilitolewa tena kwa vita vya Mau Mau, safari hii ikiwa na uso wa Malkia Elizabeth na kipande kilichoandikwa Kenya tu. Britania hakubadili hata mkao. Jua bado linachomoza kutoka sehemu ileile. Kwa hiyo msitu wa Mlima Kenya upande wa Embu na Meru uliingia mara mbili kwenye nishani moja ndani ya miaka hamsini, na mara zote mbili kama kipande cha kuongeza. Wanaosema nishani ni pambo hawajaisoma. Ni wasifu uliokaushwa, na Kenya Diary ni nishani iliyorefushwa.

Maandishi ya kupambanisha na haya yapo, ila hayako katika umbo ambalo afisa angelitambua. H. S. K. Mwaniki, mwanahistoria wa Embu, alichapisha mwaka 1973 The Living History of Embu and Mbeere to 1906, na mwaka uliofuata mkusanyo wa masimulizi ya wazee, Embu Historical Texts. Angalia mwaka ulio kwenye jina la kile cha kwanza. Mwaka ambao nishani imeuchonga kama mafanikio, kitabu cha Mwaniki kinauweka kama ukuta: hadithi inaishia hapo. Upande wa Meru, Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee waliokuwa wangali hai na akatoa mwaka 1979 The Moment of Conquest, kuhusu mwaka 1907 na ujio wa afisa wa Kiingereza E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Cheo cha Horne hakikuhimili safari ya kuingia kwenye masimulizi hayo. Lililobaki ni jina alilopewa na waliomwona akipita.

Fani ya masimulizi haya inafanya mambo mawili ambayo shajara haiwezi. La kwanza, msimulizi anataja alikoyapata: baba yake, mjomba wake, mtu wa rika fulani. Anajifunga. Ukitaka kumpinga unajua pa kuanzia. La pili ni wakati. Kwa Wameru matukio hupangwa kwa nthuki, yaani rika, na majina ya rika hizo, Ratanya, Lubetaa, Miriti, Gichunge na mengine, hurudi tena baada ya vizazi. Maisha ya afisa yamejengwa kama ngazi: luteni, kapteni, meja, kanali, na kila ngazi ina tarehe ya kupandia. Wakati wa nthuki unazunguka. Shujaa hapandi juu ya wenzake peke yake. Anapanda na rika lake zima, na siku moja wanaiachia nafasi wadogo zao kwa pamoja. Ndiyo maana ukimwuliza mzee ni nani aliyepigana, jibu la kwanza huwa jina la kundi. Msomaji aliyelelewa na vitabu vya Keya anasikitika kwamba hapati mhusika mkuu. Hakuna aliyemwahidi mhusika mkuu.

Nisiyapake asali. Masimulizi ya wazee nayo yana ubabaishaji wake. Waliohojiwa wengi mno walikuwa wanaume. Wanawake waliokimbia na watoto mgongoni mwaka 1906 wamesikika kidogo sana. Ukoo wa msimulizi una tabia ya kushinda, na waliokuwa upande wa Mzungu mapema hutoweka katika hadithi au hutokea kama wapatanishi wenye busara. Na ile namna ya kulitaja kundi badala ya mtu inaweza kumficha mwoga vizuri kama inavyomficha shujaa. Tofauti ni kwamba udhaifu huu uko wazi kwenye uso wa maandishi. Hauvai tarehe.

Ngazi ya afisa haikubaki mikononi mwa Wazungu, na hapa mambo yanapata mkunjo nisioweza kuunyoosha kirahisi. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa Keya, akapigana Burma, akarudi, akaingia msituni akawa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Kitabu chake cha 1967 kimebeba cheo kwenye jalada: Mau Mau General. Meru ilikuwa na Fildi Masho Musa Mwariama, aliyetoka msituni uhuru ulipopatikana bila kuwahi kukamatwa, na Jenerali Baimungi, aliyeuawa na vikosi vya serikali huru mapema 1965. Walikuwa na rika, walikuwa na mapokeo ya wazee nyuma yao, kama yale ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, na bado walichagua majina ya ngazi ya adui. Wengine huona hilo ni kuiga. Mimi naliona kama usomaji mzuri: walikuwa wamegundua kwamba katika vitabu vile mtu asiye na cheo ni idadi, nao hawakukubali kuwa idadi. Walichukua fani wakiijua bei yake. Na bei ilikuja, kwani jenerali akishakufa anakumbukwa peke yake, na waliokuwa nyuma yake wanarudi kuwa elfu kadhaa.

Kwa hiyo nina ombi moja dogo, la kihariri, kwa wanaoandaa vitabu vya historia ya Kenya na bado wanachota kwa Meinertzhagen. Kila dondoo lake liandikwe tarehe mbili, ile anayoidai na 1957. Ukurasa utachafuka kidogo, na mwanafunzi wa Runyenjes au Nkubu atauliza kwa nini siku moja ina miaka miwili. Mwalimu wake atalazimika kumweleza habari za taipureta, za ngozi za ndege, na za nani alikuwa kizuizini kitabu kilipotoka.